Mashinani Pasipo Shina: Msomi wa Kiswahili na Kazi ya Chama

Neno 'mashinani' limechujuka kwa kutumiwa ovyo. Katika Kenya ya leo viongozi huteremka mashinani, fedha hupelekwa mashinani, kura husakwa mashinani, na kumewahi kuundwa hata chama kilichojiita Chama Cha Mashinani. Aghalabu anayelitamka neno hili humaanisha mahali pa mbali anapopazuru akiwa juu ya gari, akawapungia watu mkono, kisha akarejea mjini kabla ya jua kuchwa. Hata hivyo, neno lenyewe limezaliwa na mfano wa mti. Shina ndilo libebalo matawi, na tawi lililokatwa kwenye shina halina siku nyingi za kuwa kijani. Nchini Tanzania mfano huu haukuachwa uwe tamathali tupu. TANU, na baada yake CCM, ziliugeuza kuwa muundo: shina, tawi, kata, wilaya, mkoa na taifa. Mfumo huo una lawama zake, hasa katika enzi ya chama kimoja ambapo balozi wa nyumba kumi aliweza kuwa jicho la serikali mlangoni mwa jirani. Lakini ulithibitisha kuwa chama chenye shina hujulikana kwa watu wake hata pale ambapo hakuna uchaguzi.

Nchini Kenya hali ni kinyume. Vyama vina vilele virefu, vina matawi yaliyoandikwa kwenye karatasi, ila shina halionekani. Katika pengo hilo ndimo mwanafunzi wa Kiswahili anamoitwa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba msomi kijana wa Kiswahili hana budi kujiunga na tawi la chama anachokiridhia katika wadi yake, akafanya kazi ya kujitolea, si katika wiki za kampeni pekee bali katika ile miaka ya ukimya iliyo kati ya uchaguzi mmoja na mwingine. Wengi watashtuka. Siasa, watasema, ni tope, na msomi hapaswi kulikanyaga. Pingamizi hilo lina uzito na litajibiwa mbele. Kwanza ni vyema kutazama tope lenyewe limetokana na nini.

Orodha zisizo na watu

Katiba ya mwaka 2010 haikuviacha vyama viwe mali ya watu binafsi. Kifungu cha 38 kinampa kila raia uhuru wa kuunda chama, kushiriki shughuli zake, kukisajilia wanachama na kukifanyia kampeni. Kifungu cha 91 kinakitaka kila chama kiwe na sura ya kitaifa, kiwe na uongozi uliochaguliwa kidemokrasia, na kifanye chaguzi za ndani zilizo huru na za haki. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2011 nayo inadai kuwa chama kinachotaka usajili kamili kiwe na wanachama wasiopungua 1,000, wote wapiga kura waliosajiliwa, katika kila moja ya kaunti zinazozidi nusu ya kaunti 47. Kwa mujibu wa sheria, basi, chama ni watu kabla ya kuwa jina na rangi.

Matendo ni mengine. Mwaka 2021, Msajili wa Vyama vya Siasa alipowawezesha raia kukagua uanachama wao mtandaoni, Wakenya wengi walistaajabu kukuta kwamba wao ni wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo, na vingine hawakuwahi hata kuvisikia. Tukio hilo lilizua kelele kwa siku kadhaa, kisha likapita. Ilhali lilifichua siri kubwa ya siasa za nchi hii. Orodha ya wanachama, ambayo ndiyo shina la chama, inaweza kutungwa ofisini na mtu mmoja kama mwandishi atungavyo wahusika wa riwaya. Mwanachama wa aina hiyo hatoi ada, hahudhurii mkutano, hahoji hesabu na hapigi kura ya kumwondoa mwenyekiti. Ni mwanachama mwema kupindukia kwa yule asiyetaka kuulizwa swali.

Matunda ya orodha hizo huonekana wakati wa mchujo. Historia ya mchujo nchini Kenya ni historia ya majeraha. Mwaka 1988 KANU ilitumia mlolongo, wapiga kura wakapanga foleni nyuma ya wagombea au picha zao, na katika sehemu kadhaa mstari mfupi ukatangazwa kuwa ndio mrefu. Aliyepata asilimia 70 au zaidi katika mlolongo huo alihesabiwa kuwa amekwisha chaguliwa. Kifungu cha 2A kilichokifanya KANU kuwa chama pekee kilifutwa Desemba 1991, lakini maradhi ya mchujo hayakufutwa nacho. Mnamo Aprili 2017 kura za mchujo za vyama vikubwa zilikumbwa na uhaba wa karatasi, uchelewaji na fujo katika maeneo mengi. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yaliruhusu vyama vichague kati ya mchujo wa wanachama wote na ule wa wajumbe, na yakasisitiza umuhimu wa sajili za wanachama. Bali sheria haiwezi kuandika majina kwenye daftari. Daftari huandikwa na mtu anayekwenda nyumba kwa nyumba, anayeuliza, anayesikiliza na anayekubali kukataliwa. Mtu huyo hayupo, au akiwapo, amelipwa na mgombea mmoja ili aandike majina ya upande mmoja.

Kenya ina wadi 1,450. Katika uchaguzi wa mwaka 2022 ilikuwa na vituo vya kupigia kura zaidi ya 46,000. Kila kituo huhitaji wakala anayejua kusoma fomu, anayeweza kukesha, na asiyenunulika kwa mlo wa jioni. Juni 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kuwa matokeo ya urais yanayotangazwa kituoni ndiyo ya mwisho, na mnamo Septemba 1 mwaka huohuo Mahakama ya Juu ilipoubatilisha uchaguzi wa urais, kasoro za fomu na za upeperushaji wa matokeo zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyozingatiwa. Uzito wa taifa zima uliangukia kijikaratasi kinachotiwa sahihi usiku wa manane katika darasa la shule ya msingi. Nani hukaa mle? Kama si kijana msomi wa kijiji kile, basi ni yeyote yule aliyepatikana.

Lugha ya kubembelezea na lugha ya kutawalia

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia, tena si kwa mlango wa uani. Mpiga kura wa Kenya hubembelezwa kwa Kiswahili. Majina ya vyama na miungano ni Safina, Maendeleo Chap Chap, Azimio la Umoja. Jukwaani ni methali, mafumbo, vijembe na vitendawili. Lakini pindi kura zinapokwisha kuhesabiwa, lugha hubadilika. Katiba za vyama, kanuni za mchujo, taratibu za rufani na makadirio ya bajeti za kaunti aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili. Mama muuza mboga anayejua vizuri maana ya kila kijembe alichorushiwa mgombea hajui kuwa katiba ya chama chake inampa haki ya kuitisha mkutano wa tawi. Amepewa lugha ya kushangilia na kunyimwa lugha ya kuhoji.

Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Wanafunzi wa Kiswahili wamekirudia kifungu hicho katika makongamano, wakalalamikia bunge na wizara, wakadai tafsiri za sheria. Madai hayo ni ya haki. Walakini, ni wangapi waliowahi kuketi katika mkutano wa tawi la chama wakaandika kumbukumbu kwa Kiswahili sanifu na kuwasomea wanachama kabla ya kutawanyika? Ni nani aliyechukua kanuni za mchujo za chama chake akazitafsiri, akazichapisha kurasa nne, akazibandika kwenye kiosk na mlangoni pa kinyozi? Ukuzaji wa istilahi unaofanyika maktabani ni kazi adhimu, ila istilahi isiyopata mtumiaji hubaki kuwa maiti iliyovishwa sanda nzuri. Mikutano ya tawi ndiyo mahali ambapo istilahi kama 'mjumbe', 'akidi', 'hoja', 'rufani' na 'kumbukumbu' zinaweza kutembea kwa miguu yao.

Msamiati wenyewe unaeleza kasoro iliyopo. Kiswahili cha siasa za Kenya kina 'mpiga debe', istilahi iliyotoka kwenye kituo cha matatu, kwa mtu anayelipwa kumwitia mwingine abiria. Kina 'mpambe', anayeishi katika kivuli cha mkubwa. Kina 'mkereketwa', ambaye moyo wake unawaka kiasi cha kuiunguza akili. Mtu anayefanya kazi ya chama bila kulipwa na bila kupofuka hana jina lililozoeleka. Huitwa 'mtu wa kujitolea', kirai cha maneno matatu, kana kwamba lugha yenyewe haijaamini kuwa yupo. Jina huzuka pale ambapo kuna kitu cha kuitwa.

Walivyofanya waliotangulia

Isidhaniwe kwamba wito huu ni mgeni katika historia ya Kiswahili. Kuanzia mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed aliwaingiza wanawake wa Dar es Salaam katika TANU. Hakuwa na shahada. Alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma, na alivitumia vikundi vya ngoma vya wanawake, vilivyokuwa na viongozi wao, wanachama wao na mitandao yao ya mitaani, kuwa njia ya kukieneza chama. Kadi ya TANU ilipita mikononi mwa watu waliojuana kwa sauti na kwa jina. Huo ndio usajili wa wanachama kwa maana yake halisi. Aidha, ni ushahidi kwamba sanaa ya lugha haikuwa pambo la siasa za ukombozi, bali ilikuwa mfupa wake.

Nchini Kenya kuna mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa fasihi. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa mwaka 1946, alikuwa mfuasi wa KPU, chama cha upinzani kilichoundwa mwaka 1966 chini ya Oginga Odinga. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 1968, wagombea wa KPU walienguliwa kwa wingi kwa madai kwamba fomu zao hazikujazwa ipasavyo. Mwaka huohuo kijana huyo wa miaka 22 aliandika na kusambaza kwa siri karatasi yenye kichwa 'Kenya: Twendapi?'. Alifungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972, na mashairi aliyoyatunga gerezani yakachapishwa mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. KPU yenyewe ilipigwa marufuku Oktoba 1969.

Wanafunzi wengi huijua Sauti ya Dhiki kwa vina na mizani yake, wakaihakiki bahari baada ya bahari. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla ya diwani kulikuwa na karatasi iliyosambazwa kwa mkono, na kwamba nyuma ya karatasi kulikuwa na chama, uchaguzi wa mitaani na fomu. Ushairi huo haukuchipuka hewani. Ulichipuka katika kazi ya siasa iliyofanywa na kijana asiyekuwa na cheo. Ni kweli kwamba fomu za mwaka 1968 zilikuwa kisingizio, na kwamba dola iliyokusudia kuzuia ingezuia kwa njia yoyote. Lakini kisingizio kilichochaguliwa kinafundisha jambo: wenye nguvu wanajua thamani ya makaratasi madogo kuliko wasomi wanavyojua.

Shujaa asiyekuwapo jukwaani

Fasihi ya Kiswahili iliyofuata imewachora watawala dhalimu kwa ustadi mkubwa. Katika Mstahiki Meya ya Timothy Arege (2009) msomaji anakutana na Baraza la Cheneo linalooza huku wafanyakazi wakigoma. Katika Kigogo ya Pauline Kea (2016) Tunu na Sudi wanasimama dhidi ya Majoka wa Sagamoyo na kulipigania soko la Chapakazi. Kazi hizi zimewalea wanafunzi wa shule za upili kwa miaka mingi, na zimewapa mfano wa mwanaharakati: jasiri, msema kweli, mwenye kuandamana na kuumizwa. Ni mfano mzuri. Hata hivyo, ni nadra kukutana katika tamthilia au riwaya na katibu wa tawi anayetunza daftari, anayegombana na mwekahazina kuhusu risiti, anayeshindwa kura kwa wajumbe watatu na kurudi wiki ijayo. Mhusika huyo hana mvuto wa jukwaani. Lakini siku moja baada ya Majoka kuanguka, ni nani atakayeendesha Sagamoyo?

Swali hilo lilitoka jukwaani likaingia barabarani mnamo Juni 2024. Vijana waliandamana kuupinga Mswada wa Fedha, wakajinasibu kuwa hawana kabila, hawana kiongozi na hawana chama. Walilipa kwa damu, na mswada ukaondolewa. Kutokuwa na chama kuliwapa nguvu, kwa kuwa hapakuwa na mkubwa wa kuitwa ikulu akanunuliwa kwa niaba yao. Lakini kilichowapa nguvu ya kuzuia hakikuwapa nguvu ya kuunda. Bajeti hurudi kila Juni. Uchaguzi hurudi Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na majina yaliyo kwenye karatasi ya kura huwa yamekwisha kuchujwa na vyama. Yupo mgombea huru, naam, na anayewania uwakilishi wadi huhitaji kuungwa mkono na wapiga kura wasiopungua 500 wa wadi hiyo. Lakini hata hao 500 hukusanywa na watu wanaotembea. Anayevikimbia vyama kwa sababu vimeoza huwaachia waliovioza uhuru wa kumchagulia.

Pingamizi na majibu yake

Pingamizi la kwanza ni la umaskini. Mwanafunzi anayehangaikia karo na kodi ya chumba ataambiwaje ajitolee? Hakika kuna wanasiasa wanaolitumia neno 'kujitolea' kuficha unyonyaji, vijana wakabandika mabango usiku kucha huku mgombea akilala hotelini. Tofauti ya kujitolea na kutumiwa inaweza kupimwa. Anayejitolea ana kadi na kura katika tawi, anaweza kuona hesabu, na anaweza kusema hapana bila kufukuzwa. Anayetumiwa amepewa fulana, nauli na chakula cha mchana, na jina lake limesahaulika kufikia jioni. Chama kinachotaka jasho la mwanafunzi lakini hakitaki kura yake si cha kujiunga nacho. Tena sheria imeweka Hazina ya Vyama vya Siasa, inayopaswa kupata kiasi kisichopungua asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa. Mwanachama aliye tawini ndiye mwenye haki ya kuuliza senti ngapi za chama chake zimefika wadini.

Pingamizi la pili ni la ukabila. Vyama vingi vya Kenya vina ngome za kikabila, na kujiunga navyo huonekana kuwa kuupigia ukabila muhuri. Hofu hii haiwezi kupuuzwa baada ya yale yaliyotokea mwaka 2007 na 2008. Lakini ngome hudumu kwa sababu ndani yake hamna mjadala. Tawi lenye mikutano halali, linaloendeshwa kwa Kiswahili katika wadi ya mseto, humpa fundi kutoka mbali nafasi sawa na mzaliwa. Kinyume chake, mkutano unapogeukia lugha ya mama, wengine huwa wamefungiwa nje pasipo kufuli. Kuchagua Kiswahili katika mkutano wa tawi ni tendo la kisiasa, hata kama anayechagua hajui hivyo.

Pingamizi la tatu ni la taaluma, nalo ndilo zito kuliko yote. Msomi akishavaa rangi za chama, ataaminiwaje anapohakiki? Hapa yapasa kutofautisha. Mhadhiri wa chuo kikuu cha umma ni afisa wa umma, na sheria inamzuia kushika wadhifa katika chama au kuonyesha hadharani upande anaouunga mkono. Chama cha wanafunzi wa Kiswahili nacho hakipaswi kuwa tawi la chama chochote, kwani ni nyumba ya wote. Mwanafunzi ajiunge, ila chama cha Kiswahili kisijiunge. Tena ni heri wanafunzi wa darasa moja wakiwa katika vyama vinne tofauti, wakirudi chuoni na kumbukumbu za mikutano minne ili zihakikiwe pamoja. Upofu hauletwi na kuwa na upande. Huletwa na kuficha upande huo na kukataa kuhojiwa.

Kazi inayosubiri

Kinachotakiwa si hotuba. Mwanafunzi aanze kwa kukagua kama jina lake limo katika sajili ya chama asichokijua, na kama limo, alitoe. Kisha atafute ofisi au maafisa wa tawi katika wadi yake. Asipowapata, huko kukosekana kwenyewe ni habari ya kuwaeleza majirani. Akiwapata, awe tayari kushukiwa, maana kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Ataulizwa ametumwa na nani. Jibu litakaloaminika ni kurudi mara ya pili na ya tatu. Aombe kazi ambayo hakuna anayeitaka: kuandika kumbukumbu, kunakili daftari, kutafsiri kanuni, kuwafundisha mawakala kusoma fomu mapema badala ya usiku wa kuamkia uchaguzi. Tangu marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2016, viongozi wa wanafunzi huchaguliwa kupitia wajumbe, kwa hiyo mwanafunzi ameonja tayari utamu na uchungu wa siasa za wajumbe. Anajua mjumbe anavyoweza kununuliwa, na anajua pia asivyonunulika.

Huenda akafanya haya yote na mteule wa mwenye fedha akashinda. Litatokea hilo mara nyingi. Hata hivyo, daftari la kweli likishaandikwa, uwongo hugharimu zaidi mwaka unaofuata, kwa kuwa watakuwapo watu 60 au 70 katika wadi wanaojua kuwa majina yao yalikuwamo na kura zao hazikuhesabiwa, na wanaojua kwa Kiswahili chepesi ni wapi pa kupeleka malalamiko. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Wasomi wa Kiswahili wamekuwa wakililia nafasi ya lugha yao katika dola kwa miaka mingi huku wakiwa hawapo pale ambapo dola huanzia, kwenye benchi la mkutano wa tawi, jioni ya siku ya kazi, mbele ya watu kumi na wawili na ajenda isiyo na nakala ya Kiswahili.